Dawa ya Deni ni Kulipa: Jimbo la Louisiana na Mafuriko ya Pwani, 1927 hadi 2025

Utangulizi

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikiisoma historia ya pwani ya Louisiana, kusini mwa Marekani, naiona methali hiyo ikigeuka: huko watu walitangulia kujenga ukuta, na ukuta ukazaa ufa. Kwa karibu miaka 300 wakazi wa pwani hiyo wamejikinga na maji kwa matuta ya udongo na, baadaye, kwa kuta za zege. Kila tuta lilipokamilika watu walijenga nyuma yake kwa imani, kisha maji yakarudi kwa njia ambayo wajenzi hawakuitarajia.

Katika insha hii ninachunguza jinsi serikali ya jimbo la Louisiana ilivyopanga kuyakabili mafuriko yanayorudi kila mara. Swali langu ni hili: serikali inapoamua mahali gani palindwe na mahali gani paachwe, nani hulipa gharama ya uamuzi huo, na je, yeye hulipwa? Nitajaribu kuonyesha kwamba kila mpango wa mafuriko huchora mstari. Walio ndani ya mstari hupata usalama, na walio nje yake huulipia. Nitaonyesha pia kwamba deni lisilolipwa kwa walio nje hudhoofisha mipango inayofuata, hata ile iliyo bora kitaalamu.

Huenda msomaji akauliza Louisiana inatuhusu nini. Mimi ni mwanafunzi wa historia kutoka Bujumbura, mji usio na bahari lakini wenye ziwa ambalo miaka ya karibuni limepanda na kuingia majumbani. Nimeichagua Louisiana kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na mipango yake imechapishwa wazi, hivyo mwanafunzi aliye mbali anaweza kuifuatilia hatua kwa hatua. Kuhusu ziwa letu nitasema machache mwishoni.

Kwanza ni lazima nieleze jambo moja la utawala, kwa kuwa wengi wetu tunatoka katika nchi zisizo za shirikisho. Louisiana ni mojawapo ya majimbo 50 ya Marekani. Lina gavana wake, bunge lake na katiba yake. Wilaya zake huitwa parokia, na jina hilo ni urithi wa enzi za Wafaransa na Wahispania. Mto Mississippi, kwa kuwa ni njia kuu ya meli, uko mikononi mwa serikali kuu ya Marekani kupitia Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Kwa hiyo, katika habari hii yote jimbo linapanga, serikali kuu inashika sehemu kubwa ya fedha na ruhusa, na parokia zinapokea matokeo.

Mto uliojenga nchi

Mto Mississippi hukusanya maji ya takriban asilimia 40 ya eneo la Marekani bara. Kwa kipindi cha kama miaka 7,000 ulibeba mashapo, yaani udongo na mchanga uliomo ndani ya maji, ukayatua kwenye Ghuba ya Meksiko. Kusini mwa Louisiana ni nchi iliyojengwa na mto huo. Udongo wa delta ni laini, na hudidimia kwa uzito wake wenyewe mwaka baada ya mwaka. Kilichoifanya nchi ibaki juu ya maji ni mafuriko ya kila masika, ambayo yaliongeza tabaka jipya la mashapo juu ya lile lililozama. Pale, mafuriko na ardhi vilikuwa kitu kimoja.

Mji wa New Orleans uliasisiwa mwaka 1718 na Jean-Baptiste Le Moyne de Bienville, kwa niaba ya Ufaransa. Aliuweka kwenye ukingo wa mto, mahali palipoinuka kidogo. Haukupita muda mji ukaingia maji, na utawala ukawataka wenye mashamba wajenge matuta mbele ya ardhi zao. Waliochimba na kubeba udongo huo kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa kutoka Afrika, ambao meli zao zilianza kufika mwaka 1719, wengi wao wakitoka Senegambia. Nalitaja hili kwa sababu ndilo deni la kwanza katika habari hii: watu walioujenga ukinga hawakuwa na haki hata ya kumiliki kiwanja nyuma yake.

Marekani iliinunua Louisiana mwaka 1803, na mwaka 1812 ikawa jimbo. Mwaka 1879 serikali kuu iliunda Tume ya Mto Mississippi, na kwa miongo iliyofuata wahandisi walishikilia wazo moja, kwamba mto ufungwe kwa matuta peke yake. Waliamini kwamba mto uliobanwa ungejichimbia kina wenyewe. Njia za zamani za kupunguzia maji zikazibwa. Mto ukawa kama chungu kilichofunikwa barabara juu ya moto.

Baruti ya Caernarvon

Kifuniko kiliruka mwaka 1927. Mvua zilizoanza kunyesha kwa wingi mnamo Agosti 1926 ziliujaza mto, na Aprili 21, 1927, tuta la Mounds Landing katika jimbo jirani la Mississippi lilipasuka. Mafuriko ya mwaka ule yalifunika takriban kilomita za mraba 70,000 katika majimbo kadhaa na kuwatoa watu zaidi ya 600,000 majumbani mwao. Wengi wao walikuwa weusi waliofanya kazi katika mashamba ya pamba, wakakaa miezi katika kambi juu ya matuta.

New Orleans ulikuwa bado mkavu, lakini wenye mabenki na wafanyabiashara wake walikuwa na hofu. Walimshawishi Gavana Oramel Simpson akubali tuta lipasuliwe kwa baruti huko Caernarvon, chini ya mji, ili maji yateremke baharini kwa njia ya mkato. Njia hiyo ya mkato ilikuwa parokia za St. Bernard na Plaquemines, walikoishi watu kama 10,000: wavuvi, wawindaji wa manyoya na wakulima wadogo. Waliahidiwa fidia, wakaamriwa waondoke. Tuta lilipasuliwa Aprili 29. Muda mfupi baadaye matuta ya upande wa juu wa mto yalipasuka yenyewe na kuushusha mto, ikaonekana kwamba huenda baruti ile haikuhitajika kabisa. Ilipofika siku ya malipo, wengi wa waathirika walipata kidogo sana, na wengine hawakupata chochote.

Naona tukio hili kuwa kiini cha historia yote inayofuata. Serikali ya jimbo ilichora mstari kwenye ramani, ikasema waliomo ndani waokolewe na walio nje wafidiwe. Nusu ya kwanza ya ahadi ilitekelezwa kwa siku chache, nusu ya pili haikutekelezwa.

Ardhi inayotoweka

Mwaka 1928 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti mafuriko, na serikali kuu ikauchukua mto wote chini ya mpango mmoja. Matuta yaliinuliwa, na safari hii yakaongezewa milango ya kupunguzia maji, kama ule wa Bonnet Carré uliokamilika mwaka 1931. Kwa kipimo cha mto, mpango huo ulifaulu: matuta makuu ya mto hayajapasuka tena huko Louisiana kwa namna ya 1927.

Lakini mto uliofungwa haukuweza tena kuilisha delta yake. Mashapo yalipita moja kwa moja hadi kwenye vina vya Ghuba, na mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, hasa kwenye mto Missouri, yalizuia sehemu kubwa ya udongo usifike kabisa. Vinamasi viliendelea kudidimia kama zamani, ila sasa hakuna kilichovijaza.

Juu ya hilo likaja suala la mafuta. Kampuni zilichimba mifereji ndani ya vinamasi ili kupitisha mitambo na mabomba, maelfu ya kilomita kwa jumla. Kila mfereji ulikuwa mlango wa maji ya chumvi. Chumvi iliua majani na miberoshi ya vinamasini, mizizi ikaoza, udongo ukasambaratika na mfereji ukapanuka. Serikali kuu nayo ilichimba mfereji mkubwa wa meli kati ya New Orleans na Ghuba, uliokamilika katika miaka ya 1960.

Matokeo yake yamepimwa. Kati ya 1932 na 2016 pwani ya Louisiana ilipoteza takriban kilomita za mraba 4,800 za ardhi, karibu robo ya ardhi iliyokuwepo mwanzoni. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hiyo ni karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Hasara hii ndiyo inayoeleza kwa nini mafuriko ya pwani yamezidi kuwa makali. Kinamasi hupunguza nguvu ya maji yanayosukumwa na kimbunga. Kinapotoweka, bahari hufika mlangoni ikiwa na nguvu zake zote.

Mnamo Septemba 1965 kimbunga Betsy kiliipiga New Orleans na kufurika mtaa wa Lower Ninth Ward, waliokokaa weusi wengi. Wakazi wengi waliamini kwamba tuta lilikuwa limepasuliwa makusudi ili kuokoa mitaa ya matajiri. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Hata hivyo mwanahistoria hawezi kuidharau imani hiyo na kuiita uvumi tu, kwa sababu miaka 38 nyuma tuta lilikuwa kweli limepasuliwa makusudi ili kuokoa mitaa ya matajiri. Watu hawa walikuwa wanaisoma serikali kwa kumbukumbu walizokuwa nazo.

Katrina na mamlaka mpya ya jimbo

Baada ya Betsy serikali kuu iliidhinisha mfumo mpya wa kuta kuzunguka mji, lakini kazi ilikwenda kwa kusuasua kwa miaka 40. Jimbo lilianza polepole kuzungumzia pwani yenyewe. Mwaka 1989 bunge la jimbo lilianzisha mfuko wa kuhifadhi vinamasi, na mwaka 1998 ulitolewa mpango ulioitwa Pwani 2050. Fedha zake zilikuwa chache mno kulinganisha na ukubwa wa kazi. Ulinzi dhidi ya mafuriko uliendelea kuwa mikononi mwa bodi nyingi ndogo za matuta, kila moja na mipaka yake na wakubwa wake.

Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilipiga. Kuta zilivunjika katika sehemu kama 50, na nyingine zilianguka kabla maji hayajafika juu yake, kwa sababu ya kasoro za usanifu. Asilimia 80 ya mji ilifunikwa na maji. Zaidi ya watu elfu moja walikufa, wengi wao wazee na watu waliokosa gari la kuondokea. Chini ya mwezi mmoja baadaye, kimbunga Rita kiliipiga magharibi ya pwani hiyo hiyo.

Hapo ndipo serikali ya jimbo ilipobadili mwendo. Mwishoni mwa 2005 bunge la jimbo, katika kikao maalumu, liliunda Mamlaka ya Ulinzi na Urejeshaji wa Pwani. Kwa mara ya kwanza matuta na vinamasi viliwekwa chini ya chombo kimoja. Mwaka uliofuata wapigakura walikubali katiba ibadilishwe ili bodi za matuta za eneo la New Orleans ziunganishwe, na mapato ambayo jimbo lingepata kutokana na mafuta ya baharini yatengwe kwa ajili ya pwani.

Wakati huo huo mji wenyewe ulitoa funzo la namna mstari usivyopaswa kuchorwa. Mnamo Januari 2006 tume iliyoteuliwa na meya ilitoa mapendekezo ya kuujenga upya mji. Gazeti likachapisha ramani yenye duara za kijani juu ya mitaa ambayo ingeweza kugeuzwa bustani. Watu waliokuwa bado wametawanyika nchi nzima walifungua gazeti na kukuta duara juu ya nyumba zao. Hasira ilikuwa kubwa, na meya akarudi nyuma. Kitaalamu, hoja ya kuiachia maji mitaa ya mabondeni haikuwa ya kipuuzi. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo kila mmoja aliuliza: ukiichukua nyumba yangu, utanipa nini, lini, na nikuamini kwa lipi?

Mpango Mkuu

Sheria iliitaka Mamlaka mpya itayarishe Mpango Mkuu wa pwani wa miaka 50 na kuurekebisha kila baada ya miaka michache. Matoleo yalitoka mwaka 2007, 2012, 2017 na 2023, na kila toleo lilipelekwa kwenye bunge la jimbo lipitishwe. Kuanzia 2012 Mpango umejengwa juu ya hesabu ya dola bilioni 50, karibu nusu kwa kinga na nusu kwa kurejesha ardhi.

Utaratibu wake unastahili kusifiwa. Wataalamu hukusanya mapendekezo ya miradi, huipitisha kwenye programu za kompyuta zinazokadiria kupanda kwa bahari na kudidimia kwa ardhi, kisha huchagua ile inayotoa faida kubwa kwa fedha zilizopo. Kinga inapangwa kwa tabaka: visiwa vya mchanga mbele, vinamasi nyuma yake, kisha matuta na malango, na mwisho nyumba zilizoinuliwa juu ya nguzo. Toleo la 2017 liliweka hata vipimo. Nyumba inayotarajiwa kuingia maji ya kina cha kati ya mita 1 na 4 hivi inaweza kuinuliwa kwa msaada wa serikali. Kina kikizidi hapo, serikali inajitolea kuinunua kwa hiari ya mwenyewe.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni kwamba Mpango ulianza kusema hadharani jambo ambalo wanasiasa hukwepa kulisema, yaani kwamba si pwani yote itakayookolewa. Toleo la 2023 linakadiria kwamba bila kufanya lolote jimbo litapoteza kati ya kilomita za mraba 2,800 na 7,800 hivi katika miaka 50, na linakiri kwamba miradi yote ikitekelezwa bado ardhi nyingi itakwenda. Mwaka 1927 mstari ulichorwa na watu wachache waliojifungia chumbani. Sasa mtu yeyote anaweza kuitazama ramani akatafuta kijiji chake. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Swali la nani alipe lilibaki gumu. Sehemu kubwa ya fedha imetokana na malipo yaliyofuata mlipuko wa kisima cha mafuta cha Deepwater Horizon wa Aprili 20, 2010, ulioua wafanyakazi 11 na kuchafua Ghuba. Pwani iliyoumizwa na mafuta kwa karne moja inatibiwa kwa fidia ya ajali moja ya mafuta. Mwaka 2013 mojawapo ya bodi mpya za matuta ilizishtaki kampuni 97 za mafuta na gesi, ikidai zirekebishe madhara ya mifereji yao. Gavana Bobby Jindal alipinga, bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuizuia kesi hiyo, na mahakama ya shirikisho ikaitupilia mbali. Kwa hiyo serikali iliyoandika kwamba mifereji ni chanzo kimojawapo cha hasara ndiyo iliyosimama mlangoni kuzuia ankara isiwafikie waliochimba.

Kisiwa kilichobaki nje

Mfano ulio wazi kuliko yote wa maisha nje ya mstari ni Isle de Jean Charles, kisiwa chembamba katika parokia ya Terrebonne. Wakazi wake ni Wenyeji wa Marekani wa jamii ya Choctaw na jamii nyingine za asili. Wazee wao walikimbilia huko karne ya 19, wakati Serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwafukuza Wenyeji kusini mashariki mwa nchi. Walikichagua kinamasi kwa sababu hakuna mzungu aliyekitaka.

Tangu 1955 kisiwa hicho kimepoteza takriban asilimia 98 ya ardhi yake. Barabara pekee ya kukifikia, iliyojengwa mwaka 1953 ikiwa imezungukwa na vinamasi, sasa inapita katikati ya maji na hufunikwa upepo wa kusini ukivuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tuta kubwa la kuikinga Terrebonne lilipopangwa, wahandisi walipiga hesabu ya gharama na faida. Kisiwa kikaachwa nje. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa: nyumba chache, maskini, mbali. Lakini hesabu ya aina hiyo daima humpata maskini kuwa ghali, kwa kuwa hupima faida kwa thamani ya mali itakayookolewa.

Mnamo Januari 2016 serikali kuu iliipa Louisiana zaidi ya dola milioni 90, na kati ya hizo dola milioni 48 zilitengwa kuwahamisha wakazi wa kisiwa kwa pamoja. Jamii yenyewe ilikuwa imeanza kupanga kuhama miaka mingi kabla, ikitaka ipate mahali ambapo watu waliokwisha kutawanyika wangerudi kukaa kama taifa moja. Fedha zilipofika, mradi uliongozwa na ofisi za jimbo. Viongozi wa jamii walilalamika kwamba ndoto yao ya kuunganisha taifa imegeuzwa mradi wa nyumba kwa wakazi mmoja mmoja. Agosti 2022 familia za kwanza zilihamia makazi mapya karibu na Schriever, kilomita kama 60 kuelekea bara. Nyumba ni imara na ziko juu. Bahari, samaki na makaburi ya wazee vimebaki nyuma.

Sidai kwamba jimbo lilifanya vibaya kuliko lilivyofanya mwaka 1927. Tofauti ni kubwa: hapa watu waliulizwa, walijengewa, na hawakulazimishwa. Hata hivyo fidia ilihesabiwa kwa vyumba na mabati, wakati kilichopotea kilikuwa ujirani na mamlaka juu ya mambo yao wenyewe. Deni lililipwa kwa sarafu ambayo mdai hakuiomba.

Lango la Barataria

Mojawapo ya miradi mikubwa katika Mpango Mkuu ilikuwa lango la Mid-Barataria, katika parokia ya Plaquemines. Wazo lilikuwa kulitoboa tuta la mto na kuyaachia maji yenye mashapo, hadi mita za ujazo 2,100 kwa sekunde, yaingie kwenye kinamasi kinachokufa. Ilitarajiwa kwamba katika miaka 50 yangejenga au kuhifadhi zaidi ya kilomita za mraba 50 za ardhi. Kwa maneno mengine, jimbo lilitaka kuirudisha, kwa kipimo kilichodhibitiwa, ile kazi ya mto iliyokatishwa na matuta. Gharama ilikaribia dola bilioni 3, sehemu kubwa ikitoka kwenye fidia ya mafuta. Ujenzi ulizinduliwa Agosti 2023.

Wavuvi wa Plaquemines walipinga. Wapo miongoni mwao weusi, wazungu wenye asili ya Kroatia, Wavietnamu na Wenyeji, nao huishi kwa chaza na kamba wanaohitaji maji ya chumvi kiasi. Maji baridi ya mto yangewaua chaza hao. Hata pomboo wa ghuba ile wangeangamia kwa wingi, na tathmini ya serikali yenyewe ilikiri hivyo. Pia baadhi ya vijiji vilivyo nje ya matuta vingeingia maji mara nyingi zaidi. Jimbo liliahidi mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya kuwafidia. Parokia ikaenda mahakamani. Gavana Jeff Landry, aliyeingia madarakani Januari 2024, alisema mradi ungeua utamaduni wa pwani na kwamba gharama zimezidi. Julai 2025 Mamlaka iliufuta rasmi, baada ya mamia ya mamilioni ya dola kutumika, na kutangaza kwamba itatafuta mradi mdogo zaidi.

Wanasayansi wengi wa pwani walisikitika, na naamini walikuwa na haki: bila mashapo, delta hiyo haina mustakabali. Wavuvi nao walikuwa na haki kuuliza kwa nini, kwa mara nyingine, wao ndio wa kutangulia kulipa. Nikiitazama ramani naona kwamba Caernarvon ya 1927 iko mpakani mwa parokia hiyo hiyo. Wajukuu wa watu walioahidiwa fidia wakadhulumiwa waliambiwa tena: tutatoboa tuta, mtaharibikiwa kidogo, tutawafidia. Programu za kompyuta zilikadiria vizuri mwendo wa mashapo, ila hazikuwa na safu ya kuingiza ahadi iliyovunjwa miaka 96 nyuma.

Hitimisho

Agosti 29, 2021, miaka 16 kamili baada ya Katrina, kimbunga Ida kilifika pwani ya Louisiana. Mfumo mpya wa kuta kuzunguka New Orleans, uliogharimu zaidi ya dola bilioni 14, ulisimama imara na mji haukufurika. Huko LaPlace, Jean Lafitte na Grand Isle, nje ya mfumo huo, maji yaliingia majumbani. Kwa siku moja ramani yote ilisomeka: ndani pakavu, nje maji.

Nimejaribu kuonyesha kwamba serikali ya jimbo imejifunza mengi tangu 1927. Imejifunza kwamba tuta peke yake haliilindi pwani, kwamba mto unahitaji kupumua, na kwamba wananchi wana haki ya kuiona ramani kabla haijatekelezwa. Halijajifunza vya kutosha somo moja la kale, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mpango wa miaka 50 unaomba wananchi wavumilie hasara ya leo kwa ajili ya faida ya wajukuu. Ombi hilo ni la kuaminiana, na watu huipima serikali kwa ahadi iliyowapa babu zao.

Ndiyo maana habari hii inatuhusu na sisi. Tangu 2020 wakazi wa Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, wamehamishwa mara kwa mara na maji ya mto Rusizi na ziwa Tanganyika. Ziwa si bahari, na Burundi si Louisiana. Lakini huku nako mistari itachorwa: mtaa huu ujengewe tuta, kijiji kile kihamishwe, shamba hili liachiwe maji. Wahandisi watatuambia maji yatafika wapi. Kazi ya mwanafunzi wa historia ni kuandika nani aliahidiwa nini, na tarehe ya ahadi hiyo, ili siku ya malipo pasiwepo wa kusema kwamba hakumbuki.